Mbegu Aliyoiacha Komesha

Mtu huyu alimdharau kunguni, na kunguni ndiye aliyemlisha. Hilo lijulikane mapema, maana mengine yote yametoka hapo.

Walimwita Komesha kwa sababu neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye bomba la kupulizia dawa alilobeba mgongoni, herufi zimeanza kubwa kubwa halafu zikabanana mwishoni, kwa kuwa aliyeandika hakupima nafasi. Jina alilopewa na wazazi alibaki nalo mkewe, na hata mkewe alilitoa akiwa na hasira tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya kuwatazama watu kutoka juu, na alipita mitaani na bomba lake kama mtu aliyebeba kitu cha heshima, na huku dawa inamtiririka kisiginoni. Viatu vyake vya mpira vilinuka hata vikiachwa nje ya mlango.

Kwa Komesha kila mtu alikuwa mjinga, ila ujinga ulikuwa wa namna namna. Kulikuwa na wenye nyumba kubwa waliompitisha mlango wa nyuma ili majirani wasijue wana kunguni. Hao aliwacheka moyoni: anatafunwa usiku kucha, asubuhi anafunga tai. Kulikuwa na wapangaji wa vyumba vya mbanano waliomwagia godoro mafuta ya taa, kisha wakalala juu yake na kiberiti mfukoni. Hao aliwacheka waziwazi. Lakini wajinga wakubwa kuliko wote, kwa hesabu yake, walikuwa wenzake wa kazi, wale waliopima dawa kama kopo lilivyoelekeza.

"Mtu unaua wote," alikuwa akisema, "halafu kesho unakaa kibarazani unapiga miayo. Hiyo ni kazi au ni kujinyonga?"

Yeye alikuwa na njia yake. Kopo lilisema kifuniko kizima kwa ndoo ya maji. Komesha alitia nusu. Wakati mwingine nusu ya nusu, akiongeza matone ya sabuni ili maji yawe meupe na yatishe. Akipuliza, kunguni wengi walikufa, na hapo ndipo palipokuwa na utamu wake. Asubuhi mwenye nyumba alizoa mizoga kwa kizoleo, akaona kwa macho yake mwenyewe, akamsifu. Waliobaki walibaki ndani kabisa, kwenye mishono ya godoro na nyufa za chaga za kitanda. Hao Komesha aliwaita mbegu. Mkulima hali mahindi yote, alisema, na yeye ni mkulima vilevile, shamba lake ni vitanda vya watu.

Mama mmoja mwenye duka la vitambaa, mjane, mtu wa kuamini kila anachoambiwa, alikuwa shamba lake zuri kuliko yote.

"Fundi, wamerudi," mama yule alimwambia, siku moja miongoni mwa siku nyingi kama hiyo.

Komesha akainua pindo la shuka kwa vidole viwili, kama anashika nguo ya mgonjwa. "Hawajarudi, mama. Wale wa kwako niliwamaliza. Hawa ni wageni."

"Wageni wa wapi?"

"Mimi sitaki kusema mambo ya majirani." Akatazama ukuta wa upande wa pili, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ila watu wengine, mama, usafi hawajafundishwa."

Basi mama akamnunia jirani yake, jirani akanuna vilevile bila kujua kosa, na Komesha akapuliza nusu kifuniko akaenda zake. Watu wawili waliokuwa wakiazimana chumvi waliacha kusalimiana kwa sababu ya mdudu asiyefika hata ukubwa wa mbegu ya tikiti. Yeye hilo lilimchekesha njia nzima.

Jambo asilolitazama ni kwamba nusu ilikuwa inachoka. Zamani nusu kifuniko iliacha mizoga ya kujaza kizoleo. Miaka ikaenda, mizoga ikapungua, na muda wa kuitwa tena ukawa mfupi. Mtu mwingine angejiuliza. Komesha akasema wauza dawa siku hizi ni wezi, wanachanganya na maji. Alilisema hilo bila haya, yeye mwenye matone ya sabuni.

Na nyumba nazo zilikuwa zimebadilika. Nyumba ya mtu, hata iwe ndogo, huwa ina wakazi wengi wasiolipa kodi. Kuna mjusi wa ukutani anayengoja karibu na taa. Kuna buibui wa miguu mirefu nyuma ya kabati, kuna tandu chini ya ndoo, kuna sisimizi wanaobeba chochote kilichokufa, kuna mende wakubwa wekundu wa upande wa choo na mende wadogo wa jikoni, na kila mmoja ana anayemla na anayeliwa naye, na mwenye nyumba analala katikati yao hajui kwamba kuna serikali nzima inaendeshwa bila yeye. Dawa ya Komesha iliwaangukia wote. Kunguni alikuwa ndani ya mshono. Mjusi alikuwa juu ya ukuta mtupu, tumbo limegusa rangi iliyolowa. Nani afe kwanza? Akafa mjusi, akafa buibui, sisimizi wakahama. Wakabaki wale wachache waliozoea, mende wadogo, mbu na kunguni, wakajaa kama wapangaji waliosikia mwenye nyumba amefariki. Watu wakaona tu kwamba mbu wamezidi. Komesha akawaambia watamhitaji tena.

Sasa, mtu huyu aliyedharau dunia nzima alikuwa na kitu kimoja anachokitaka.

Alikuwa na binti mmoja, mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari mbali kidogo, akiishi katika nyumba za walimu. Binti ameolewa, mumewe anafanya kazi safarini, na alikuwa na mimba ya kwanza. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba akijifungua atakuja nyumbani, akae hapo mpaka apate nguvu. Komesha alipolisikia hilo alitoka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu, akasema ni dawa. Kuanzia siku ile hakukuwa na mazungumzo mengine. Chumba cha binti akakipaka rangi mwenyewe, maana wapaka rangi wote ni wajinga. Dirisha akaliwekea wavu. Akamkataza mkewe kuweka ndoo humo, akamkataza kuanika nguo humo, na siku nyingine alikutwa amesimama katikati ya chumba kitupu, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Baba mkwe wa binti alikuwa fundi makochi. Mtu mfupi, mkimya, mwenye pini mdomoni kutwa nzima, hata akisalimia anasalimia kwa pembe ya midomo. Komesha alimdharau zaidi ya wengine wote, kwa kuwa huyu walilazimika kuitana mkwe.

"Yeye kazi yake ni kuwashonea watu makalio ya viti," alimwambia mkewe.

"Na wewe kazi yako ni kuwapulizia," mkewe akajibu. "Mmekutana."

Karakana ya fundi makochi ilipokea makochi mazee kutoka kila mtaa, na makochi mazee huja na wenyewe ndani. Kwa hiyo kila mara Komesha aliitwa huko. Fundi alimwambia, pini zimetulia mdomoni, "Mkwe, safari hii nimalizie. Wananitafuna mpaka nachoma kidole kwa sindano."

"Wewe niachie mimi, mkwe. Kwako natumia moyo wote."

Akatia nusu. Akanyunyiza na unga mweupe wa dawa ndani ya mbao, unga aliouchanganya na chokaa. Mkwe na asiye mkwe, kwa Komesha shamba lilikuwa shamba.

Mwezi wa binti ulipokaribia, fundi makochi akaleta zawadi. Ilikuwa kiti cha kunyonyeshea, kipana, chenye mikono ya kuegemea, kitambaa cha bluu kilichovutwa mpaka kikawa kama ngozi ya ngoma. Amekisuka juu ya mbao za kochi zee la mninga, maana mbao mpya, alisema, hupinda. Hata Komesha alikitafutia kasoro akaikosa, ikambidi aseme kitambaa kimepauka kidogo. Kikaingizwa chumbani, kando ya kitanda.

Mkewe Komesha ndiye aliyeanza kukikalia. Aliingia humo mchana kufuma kofia za mtoto, na siku ya pili akatoka anajikuna mapaja. Siku ya tatu akalala humo, apate upepo wa dirisha. Asubuhi akaja jikoni, akakunja mkono wa gauni, akamwonyesha mumewe madoa matatu yaliyopangana kwenye mstari.

"Ni mbu," alisema Komesha.

"Mbu anapiga foleni?"

Komesha akacheka. Mkewe hakucheka. Alisema taratibu, kama anamsomea taarifa, "Komesha ana kunguni. Nikitoka hapo nje nikalisema hilo, mtaa mzima utalala chini kwa kicheko."

"Hutalisema."

"Sitalisema. Ila mtoto haji kulala humo."

Hapo ndipo kicheko kilipomwisha. Akavaa viatu vyake vya mpira. Kazi ndogo, alisema. Hawa sasa watajua jina hili liliandikwa kwa nini. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akatia kifuniko kizima. Akapuliza kitanda, godoro, kiti, kuta, akafunga mlango, akaziba uwazi wa chini kwa tambara.

Kesho yake alifungua akiwa na kizoleo mkononi. Mjusi alikuwa chini ya taa, chali, vidole vimefunguka. Buibui walikuwa wamekunjamana pembeni kama nyuzi zilizokatwa. Hata kipepeo mmoja wa usiku alikuwa kwenye wavu, amekauka. Juu ya shuka nyeupe, kunguni mmoja alikuwa anatembea. Hakimbii. Alitembea kama mtu anayetoka sokoni jioni.

Komesha alimtazama kwa muda. Kisha akarudi akatia vifuniko viwili. Halafu vitatu, akachanganya na dawa ya ng'ombe aliyoiomba kwa jirani. Nyumba ikanuka mpaka maziwa yakanuka. Mkewe akaanza kukohoa, akahamishia mkeka wake kwa dada yake mtaa wa pili, akimwachia maneno mlangoni: "Ukishajiua, uwaambie kunguni wanifungulie." Mbu wakaingia kwa kundi, maana hakuna tena wa kuwangoja pale kwenye taa. Na kunguni wakaendelea na shughuli zao.

Binti alikuja siku hizo, kabla ya kutazamiwa, tumbo limetangulia, mkoba begani. Alifika mlango wa chumba akasimama. Hakuingia. Alifunika pua kwa mtandio.

"Baba, hii ni nini?"

"Dawa, mwanangu. Kuna wadudu wadogo wadogo wameingia. Wakaidi kidogo. Wauza dawa siku hizi..."

"Umetia kiasi gani?"

Akamwambia. Binti akageuka kumtazama vizuri. "Na hawafi?"

"Hawa si kunguni wa kawaida."

"Si wa kawaida kweli. Wametoka wapi?"

Komesha akakitazama kiti cha bluu. Hakupenda kusema, lakini huyo alikuwa binti aliyefundishwa kuuliza mpaka mtu ajibu, na alijifunza hilo kwa watoto wakaidi kuliko baba yake. Kidogo kidogo yakatoka: kochi zee, karakana, kuitwa na kuitwa tena. Na mwisho, kwa kujitetea, akasema kila mwenye akili katika kazi ile huacha mbegu.

"Mbegu?"

"Unatia nusu. Wachache wabaki. Kazi iendelee."

Binti alikaa juu ya kizingiti, mkono mgongoni. Kwanza alicheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyefanyiwa jambo ambalo hata matusi hayalitoshi.

"Baba, mimi nasimama mbele ya darasa nachora ubaoni, natafuta mfano watoto waelewe, na mfano umenilea. Unajua ulichofanya? Katika kunguni mia, kuna mmoja au wawili waliozaliwa na ngozi ngumu kidogo, au tumbo linaloweza kuivumilia dawa. Hawakusoma, hawakujaribu, wamezaliwa hivyo tu. Wewe ukija na nusu yako unaua wanyonge wote, wale ambao hata maji moto yangewatosha, unawaachia wale wagumu kitanda kizima waoane. Wanazaa wagumu. Unarudi, unawachuja tena. Miaka yote hii hukuua kunguni, Baba. Umewachagua. Mfuga ng'ombe angefanya kazi nzuri hivyo, angepewa kombe."

"Mdudu hana akili," alisema Komesha.

"Hahitaji. Alikuwa na wewe."

Mbu mmoja akalia sikioni kwa Komesha, akajipiga kofi.

"Mimi nikijifungua nitabaki kwenye nyumba za walimu," binti akasema, anainuka. "Simleti mtoto kwenye sumu, wala kwenye shamba lako."

Komesha akamshika mkoba. Mtu yule aliyetazama watu kutoka juu alikuwa amekunja shingo. "Mwanangu, sema la kufanya. Nitafanya."

"Dawa basi. Usitie hata tone. Moto tu. Vitu vichemshwe, vipigwe pasi, kitanda kivunjwe kipande kipande, na kiti hicho kichanwe mpaka mbao. Na anayejua kukichana bila kuwamwaga nyumba nzima ni baba mkwe. Mwite. Na umwambie kwa nini, maana karakana yake isiposafishwa vivyo hivyo, watarudi na kochi lingine." Akaongeza, na sauti haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya mtu aliyechoka: "Ukimdanganya yeye, nitajua. Ananiambia kila kitu."

Njia ya kwenda karakana Komesha aliijua kwa miguu, lakini siku ile aliizunguka kwa mitaa isiyohitajika. Alikwenda bila bomba. Mama wa vitambaa akamwona, akamwita kutoka dukani, "Fundi! Wamerudi tena wale wageni!" Akajifanya hasikii.

Alifika, akasema kuna kazi ya kiti. Akasema mbao labda zilikuwa na unyevu. Akasema wauza dawa siku hizi. Fundi makochi alimsikiliza, akachukua mfuko wake na pasi ya mkaa, wakaenda.

Kiti kikapelekwa uani, kikawekwa juu ya karatasi la nailoni. Fundi akakata uzi wa chini, akakifunua kitambaa taratibu. Humo ndani, kwenye pembe ya mbao, walikuwa wamejazana tabaka kwa tabaka, wakubwa kwa wadogo na mayai yao kama punje za chumvi. Na juu yao kulikuwa na unga mweupe. Walikuwa wanatembea ndani yake, migongo imepakwa, kama wanawake waliotoka kuoga wakajipaka poda.

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kola ya shati. Kwa mara ya kwanza Komesha aliona midomo yake yote.

"Unga huu ni wako, mkwe."

"Ni wangu."

"Uliniambia wanaugusa wanakufa."

Mlangoni binti alikuwa amesimama na mama yake, aliyekuwa amerudi kuangalia. Hawakusaidia kwa lolote. Komesha akaangalia wavu wa dirisha alioufunga mwenyewe, halafu akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hata kuku uani angeidharau:

"Nilichanganya na chokaa. Na dawa niliweka nusu. Kila mara. Nilikuwa naacha mbegu."

"Kwangu?"

"Kwa wote."

Fundi makochi hakutukana. Labda angetukana ingekuwa nafuu. Alimtazama Komesha namna anavyotazama kochi ambalo mteja ameambiwa bora anunue jipya. Kisha akapuliza mkaa, pasi ikawaka, akamnyooshea mpini.

"Shika."

Akavuta kigoda, akakaa. Mke wa Komesha akamletea chai. Na Komesha akapiga magoti kwenye nailoni, akaanza kupitisha ncha ya pasi kwenye kila mshono, kila ufa, kila tundu la msumari, kunguni wakipasuka mmoja mmoja kwa mlio mdogo mchafu, jua likimchoma shingo ile ndefu. Kila alipodhani amemaliza, fundi alinyoosha kidole kutoka kwenye kikombe.

"Pale. Umeacha mbegu."

Akarudia.

"Na pale. Mkulima, umeacha mbegu."

Baada ya kiti ikaja zamu ya kitanda, baada ya kitanda karakana nzima, siku kwa siku, na fundi kwenye kigoda chake. Habari nayo haikuhitaji kupulizwa. Fundi makochi, ambaye watu walidhani ni bubu nusu, alimweleza kila aliyeleta kochi, na jina jipya likapita mitaa mbele ya mwenyewe. Komesha likafa. Sasa ni Mbegu. Mama wa vitambaa aliposikia, alitoka dukani akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, wakalia, wakacheka, wakamtukana pamoja mchana kutwa, na hapo angalau urafiki ukapona. Hakuna aliyemwita tena kupuliza. Bomba likabaki kwenye msumari nyuma ya nyumba.

Binti alikagua chumba mwenyewe, kwa tochi, akalala humo siku kadhaa akiwa peke yake na shuka nyeupe. Hakutafunwa. Mtoto alipozaliwa, wa kike, mwenye hasira, akaletwa.

Ukiingia siku hizi utamkuta Mbegu mlangoni mwa chumba kile, maana ndani haruhusiwi mpaka abadili nguo, ingawa zake za kazi zilikwisha chemshwa na kutupwa. Mjusi mdogo amekuja kutoka kusikojulikana, anakaa juu ya taa, na mkewe amesema atakayemgusa atalala nje. Mchana mmoja mtoto alikuwa amelala kitandani, na Mbegu, aliyekwisha badili nguo, aliona doa jeusi kwenye shuka, karibu na mkono wa mtoto. Akaruka. Akalibana kwa kucha, akalipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Ni jani la chai," alisema mkewe, bila kuinua kichwa kwenye kufuma.

Akaligeuza. Akalinusa. Akalibana tena, lisije likawa linajifanya.

"Mbegu," mkewe akasema, "toka, mtoto alale."

Akatoka. Lakini jani aliondoka nalo, na kule jikoni alilitia kwenye makaa, akasimama kulitazama mpaka likawa majivu.